Kumsindikiza Mama Nilesh Hadi Mto Kagera

Wenzangu wa kwaya, mmeniuliza kanisani, mmeniuliza sokoni, na mmoja wenu, nisiyemtaja kwa sababu anajijua, alinivuta pembeni katikati ya msiba wa watu akitaka kujua kama ni kweli nimeingia dini ya Wahindi. Sijaingia dini ya mtu. Nilimsindikiza jirani yangu. Tatizo ni kwamba nimekuwa nikiwasimulia vipande vipande, kila mmoja na kipande chake, halafu mnakutana mnaviunga wenyewe, na kinachotoka hapo hata mimi nikikisikia nashangaa. Kwa hiyo nimeandika safari yote, tangu Mabatini mpaka Kyaka. Anayetaka kuuliza asome kwanza.

Mnajua duka langu la vitenge limepakana ukuta na duka la vipuri vya magari la Mzee Kanti. Ukuta wenyewe mwembamba, nimesikiliza ndoa ya wale wazee kuliko nilivyosikiliza redio. Mkewe jina lake Hansa, lakini mtaa mzima tulimwita Mama Nilesh, kwa jina la mwanawe aliyeko Uingereza. Waligombana kutwa. Wakiwa na siri waligombana kwa Kigujarati, wakitaka sisi majirani tuwaamulie walitumia Kiswahili, na walipotaka kutukanana vizuri walihamia Kisukuma. Ugomvi ulikuwa ule ule siku zote: Mzee Kanti hatupi kitu. Stoo yake imejaa vipuri vya magari ambayo hayapo tena duniani, na ukimuuliza anakujibu kwamba kila kitu kina siku yake.

Mama Nilesh alipozidiwa na ugonjwa aliniita kitandani. Nitayaandika maneno yake kama alivyoyasema, maana ndiyo yaliyonipandisha gari.

“Mama Kulwa, nikifa watanichoma, hilo sina shida nalo. Majivu yangu yaende Kagera, pale Kyaka nilipozaliwa, kwenye maji yanayotembea. Nilesh anataka kunipeleka India. India nilikwenda mara moja tu, nikaharisha mpaka siku ya kurudi. Lakini mtu wa kuangalia ni huyu mzee. Hawezi kutupa hata plagi iliyokufa. Akienda peke yake atarudi na mimi, aniweke stoo.”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba kwao mtu akifa roho haifi, inahama kama mpangaji anavyohama nyumba, ikatafute pengine pa kuanzia. Moto unaibomoa nyumba ya zamani, na maji yanamalizia kazi, ili roho isibaki inazunguka mlangoni ikidhani bado ina funguo. “Nisipofikishwa mtoni nitabaki hapa hapa nasikiliza bei za vipuri,” akasema. “Usikubali.” Nikamwahidi. Ahadi ni deni, na mimi nilimpenda yule mama.

Mabatini, limau lilipotaka kuvunja safari

Nilesh alikuja, akauwasha moto kama inavyompasa mtoto wa kiume, akakaa matanga yao mpaka yakaisha, akamwachia baba yake majivu, akarudi kazini kwake. Chungu cha majivu kilifungwa kitambaa chekundu kikaning'inizwa kwenye mti uani mwa hekalu, kwa sababu kwao majivu yakishatoka hayarudi ndani ya nyumba, wala hayawekwi chini. Kikabaki pale. Kila nikimuuliza Mzee Kanti tunaondoka lini, mara gari halijapatikana, mara kuna mzigo unakuja, mara goti. Mwisho nikamtafuta dereva mwenyewe. Anaitwa Deo, Mhaya wa Muleba, mlokole wa kukesha, mtu mzuri ila mwoga wa kila kitu kisichoimbwa kanisani kwao.

Asubuhi ya safari tulipitia kwanza hekaluni kukichukua chungu. Mkienda siku moja, vueni viatu mlangoni na mgonge kengele mkiingia, ndiyo hodi yao. Ndani kuna sanamu zimevalishwa nguo nzuri kuliko zangu. Maharaji, ndiye kuhani wao, alizungusha taa ya samli mbele ya sanamu akiimba, halafu taa ikapitishwa kwetu. Kila mtu anapitisha viganja juu ya mwali na kujipaka joto lile usoni. Mwisho unapewa kitamu mkononi, chakula kilichokwisha kutolewa kwa Mungu kikarudi kwenu kama baraka. Kinaitwa prasadi, na haifai kukikataa. Deo alikuwa amekataa kuvuka kizingiti, lakini prasadi ilimfuata mlangoni, ikiwa ni kitu cha unga wa dengu, samli na sukari, na sikuona akiirudisha.

Alichouliza Deo, akichungulia kutoka mlangoni, ni kuhusu yule mwenye kichwa cha tembo, Ganesha, ambaye huombwa kabla ya mwingine yeyote kila mtu anapoanza jambo. Chini ya miguu yake kuna panya, na Mzee Kanti akamwambia kwamba huyo panya ndiye kipando chake.

“Tembo anapandaje panya, Mzee?”

“Ndiyo maana tunamwomba yeye aondoe vikwazo njiani. Aliyeliweza hilo, barabara ya Biharamulo itamshinda?”

Nikamuuliza mimi sasa, maana lilikuwa likinikaa moyoni miaka yote: mna miungu mingapi? Akanijibu kama mfanyabiashara. “Mteja akija dukani kwangu hasemi nataka gari. Anasema nataka breki, nataka kioo, nataka plagi. Gari ni moja. Mwenye shida ya riziki anakwenda kwa Lakshmi, mwenye mtihani kwa Saraswati, mwenye safari kwa Ganesha. Mungu ni mmoja, shida zetu ndizo nyingi.” Mimi Mkatoliki ninayemsumbua Mtakatifu Antoni kila nikipoteza funguo nitabisha nini hapo?

Tukarudi kwenye gari, na hapo ndipo mambo yalipochacha. Deo alimkuta Mzee Kanti amepiga magoti kando ya gari, kichwa kimenyolewa kipara kwa ajili ya msiba, amevaa nyeupe tupu, anaingiza limau chini ya tairi. Ninyi ni watu wa Mwanza, sina haja ya kuwaeleza Deo alifikiri nini. Aliyatoa malimau yote. Mzee akayarudisha. Akayatoa tena.

“Ni ya kuondoa husuda, kijana wangu. Unayakanyaga tu, basi.”

“Husuda mimi naiondoa kwa maombi.”

“Deo,” nikamwita, “huo usukani unaong'aa hivyo umeupaka nini?”

Akaupangusa kwa kiganja. “Mafuta ya upako.”

“Basi kila mtu amepaka chake. Twende.”

Akayakanyaga malimau macho mbele, akikemea chini chini.

Kigongo hadi Busisi, na Busisi hadi Kigongo

Chungu kilikaa siti ya nyuma dirishani, kimefungwa mkanda. Mzee Kanti alikaa kando yake. Nilipogeuka kumuuliza kama wako sawa nikamkuta anazungumza nacho: “Hansa, tumeshatoka mjini, hapa ni Usagara, tunakata kulia.”

Msimcheke. Kwao anayempeleka marehemu wake majini humweleza njia: sasa tunageuka, sasa tunavuka maji, sasa tunapumzika, amka twende. Ni ili roho isipotee ikaachwa njia panda. Mimi nilimkumbuka bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akimwaga pombe kidogo chini na kuwasimulia wazee wake nani kaolewa na ng'ombe gani kazaa, sikuona ajabu. Lakini fikirieni mtu aliyegombana na mkewe maisha yote, leo dini inamruhusu kumsemesha njia nzima, na mwenzake hawezi kujibu.

Tulipofika daraja jipya alishindwa kujizuia. Mama Nilesh aliwahi kuapa kwamba daraja lile halitakwisha yeye akiwa hai, na lilipofunguliwa alikuwa tayari hatoki kitandani. “Unaona, Hansa? Nilikwambia. Nguzo hizo. Taa hizo. Uliniita mjinga mbele ya wateja.” Aliendelea hivyo mpaka ng'ambo. Tukashuka Busisi, akamgusa Deo begani.

“Geuza gari.”

“Kuna nini, Mzee?”

“Amekaa dirisha la kushoto. Ameona upande mmoja tu.”

Tukarudi Kigongo, ili aone upande wa pili. Kutoka Kigongo ilibidi tuvuke tena, maana safari yetu ilikuwa ya huko. Deo akaniangalia mimi, mimi nikaangalia ziwa. Nilikuwa nimeanza kuelewa kwamba mzee huyu hana haraka ya kufika, na kwamba mama wa watu alijua anachosema.

Geita, chapati ya kunguru

Njaa ilitubana Geita, tukaingia kwa mama lishe mmoja mnene mchangamfu, Msukuma mwenzangu. Hawa wazee hawali chochote kilichouawa. Wanaamini uhai ulio ndani ya mbuzi ni uhai ule ule ulio ndani yako, na unachomtendea kitakutafuta, kama si maisha haya basi yajayo. Nilimweleza yule mama kwa kifupi tu kwamba mzee hali nyama.

“Hakuna shida. Kalibuni. Kuna samaki.”

“Samaki pia hali.”

“Nimpe dagaa basi.”

“Dagaa ni samaki, mama.”

“Wadogo hivi?” Akafikiri. “Yai je? Basi namletea wali na mchuzi wa nyama, nyama yenyewe naitoa.” Nilipomwambia kwamba kwa sababu ya msiba hata kitunguu hataki, aliketi kwenye benchi letu akamtazama Mzee Kanti kwa huruma ya kweli. “Sasa baba unaishije?”

Alipata wali mweupe, parachichi na chapati, akaagiza chai vikombe vinne. Cha nne alikipeleka garini. Mama lishe akamfuata kwa macho. “Mgonjwa wenu hashuki?”

“Hashuki,” nikasema.

“Muwahisheni hospitali.”

“Hatua hiyo imeshapita.”

Tungekuwa tumeondoka, lakini Mzee Kanti alimega chapati akaiweka juu ya paa la gari, akasimama kando. Kwao chakula cha marehemu hupewa kunguru. Akija akala, marehemu ameridhika. Asipokuja, kuna jambo marehemu bado analitaka. Tukasubiri. Kunguru walikuwa tele juu ya mabati, wanatutazama kama watu waliolipwa wakae hivyo. Hakuna aliyeshuka. Kikombe cha chai kikapoa, Deo akalala kwenye usukani na andazi mkononi.

“Unaona, Mama Kulwa,” akasema, na uso wake ulikuwa na nuru ambayo sikuipenda. “Hajaridhika. Labda hataki kwenda. Turudi nyumbani tukaulize vizuri.”

Hapo nilikasirika. Nikamuuliza kwao wanafanyaje kunguru akigoma. Akakiri kwa unyonge kwamba ndugu husimama na kumwahidi marehemu kwamba lile lililomkaa moyoni litatimizwa. Nikasimama kando ya gari mbele ya wateja wa watu, nikasema kwa sauti: “Mama Nilesh, ni mimi Mama Kulwa. Nilikuahidi mtoni, na mtoni utafika. Huyu mzee harudi na wewe.”

Sitawadanganya kwamba ulikuwa muujiza. Labda kunguru walichoka kusubiri. Lakini alishuka mmoja, akachukua chapati, na mwenzake akapita dirishani akamwondolea Deo andazi lake mkononi. Tangu hapo Deo hakubishana na chungu kile tena.

Kuelekea Biharamulo, abiria wanne

Tulipopita Chato, trafiki mmoja alitusimamisha. Mtu wa makamo, mpole, akakagua anachokagua, akauliza kama kawaida tuko abiria wangapi.

“Wanne,” akasema Mzee Kanti kutoka nyuma.

Trafiki akainama, akahesabu, akahesabu tena. “Mimi naona watatu.”

“Wanne. Huyu hapa, amefunga mkanda.”

Akakiona chungu. Chungu cha udongo, kitambaa chekundu, uzi umezungushwa shingoni, na mzee mwenye kipara na doa jekundu kwenye paji la uso amekishika mkono. Trafiki alirudi nyuma hatua moja akamwambia Deo azime gari. Deo, badala ya kuzima na kunyamaza, alianza kueleza kwamba yeye ameokoka na kwamba malimau hayakuwa yake. “Malimau gani?” akauliza trafiki, na nikajua tutalala hapo.

Nikashuka. “Shikamoo, afande,” nikamwamkia, ingawa nina hakika tulilingana umri, maana siku hiyo sikutaka ubishi. Nikamweleza kwamba ni mke wa mzee, kwamba amefariki, kwamba dini yao wanachoma na majivu wanayapeleka majini. Alinisikiliza, akamgeukia Mzee Kanti.

“Kwa nini hamziki, Mzee? Mtu akae mahali, ndugu wamtembelee.”

“Ukizika unabaki na kaburi,” akasema Mzee Kanti. “Ukibaki na kaburi utakuwa unakwenda kila siku. Wazee wetu walijua tabia zetu, wakasema choma, mwaga, nenda nyumbani, mwache mtu aende zake.” Alisema vizuri sana, kama anayesoma somo la mtu mwingine. Halafu akaongeza, “Ni rahisi kulisema, lakini.”

Trafiki akavua kofia. Akapeleka uso dirishani karibu na chungu, akasema, “Pole sana, mama. Safari njema.” Akatupungia mkono tupite. Mzee Kanti akamsimulia Hansa kwamba hata serikali imemsalimia.

Muleba, maharaji watatu

Jua lilikuwa linazama tulipofika Muleba, na Deo akatupeleka kwa shangazi yake, mjane mwenye mji mzuri katikati ya migomba. Alitupokea kwa mikono miwili, mgeni njoo mwenyeji apone, mpaka alipomwona Mzee Kanti anatafuta tawi la kuning'iniza chungu. Ndani hakiingii, nimeshawaambia, na chini hakikai. Akakitundika kwenye mparachichi mbele ya nyumba, kikawa kinaning'inia na kitambaa chake chekundu, kinaonekana tangu barabarani.

Majirani walianza kupita. Kila mmoja alikuwa amekuja kuazima kitu: chumvi, jembe, kiberiti. Shangazi akawakopesha chumvi, lakini waliondoka kinyumenyume. Mwisho alinijia jikoni. “Mama, mimi ni mjane, nakaa peke yangu. Wakiondoka hawa wageni mtaa utasema nini?” Maneno yake yalikuwa ya haki. Nikamwomba Deo alisemee jambo hili, kwa kuwa ni kwao. Nami nilidhani atakimbia, lakini alisimama uani akawaita wote akawaambia kwa Kihaya, na baadaye akanitafsiria, kwamba aliyeko mle ni mama wa watu aliyezaliwa Kyaka, binti wa hapa hapa Kagera, anarudi kwao baada ya kuolewa mbali. Mambo yakabadilika pale pale. Binti aliyeolewa mbali akirudi kwao hapokewi kwa mikono mitupu. Mama mmoja alirudi na kahawa ya kutafuna, mwingine na mkungu wa ndizi, wakaviweka chini ya mparachichi, wakampa pole Mzee Kanti mmoja mmoja. Alizipokea akiwa ameinamisha kichwa.

Asubuhi nilimkuta na simu sikioni. Mambo yao mengi huangaliwa siku na saa njema, naye alikuwa amempigia maharaji wa Mwanza kuuliza kama siku ile ni nzuri. Maharaji akasema nzuri. Akampigia wa Dar es Salaam. Huyo akasema nzuri sana. Nilipokuwa nakunywa uji alikuwa anazungumza na wa tatu, sijui wa wapi, na kwa jinsi mabega yalivyoshuka nikajua huyo naye hakumsaidia.

“Mzee,” nikamwambia, “utazunguka mpaka umpate atakayesema siku ni mbaya?”

“Nilikuwa naelekea kwa wa nne,” akasema, akaweka simu mfukoni.

Kyaka, mtoni

Mto Kagera pale Kyaka ni mpana kuliko nilivyotegemea, rangi ya chai ya maziwa, na unakwenda kweli kweli. Tulishuka ukingoni chini ya daraja. Mama mmoja aliyekuwa akifua nguo alituona na chungu chetu akasimama wima. “Mnataka kumwaga nini kwenye maji yetu?” Nikamweleza, nikamwambia marehemu ni mzaliwa wa hapa. Akatazama chungu, akatazama mto. “Basi msisimame hapo mlipo, kuna mamba. Njooni huku kwangu.” Akasogeza beseni lake.

Maharaji wa Mwanza alikuwa asome sala kwa simu. Deo alishika simu juu kabisa, spika imefunguliwa, Kisanskriti, lugha ya sala zao, kikatoka kikienda juu ya maji, na kila maharaji alipovuta pumzi mlokole wetu aliitikia “Amina.” Mzee Kanti akaweka vidonge vya unga na ufuta kwenye jani, akamimina maziwa, akatupa maua. Mtandao ukakatika. Deo akapanda ukingo, ukarudi, ukakatika tena.

“Haiwezekani bila sala,” akasema Mzee. “Turudi kesho.”

“Mzee, sala ipi unaijua?”

“Ninayoijua ni kumwita jina tu.”

“Basi mwite.”

Akaingia majini mpaka magotini, nikamshika mkono mmoja, mama mfuaji akamshika wa pili. Akamwita. Hakupiga kelele, alimwita kama anavyoitwa mtu aliye chumba cha pili. Akakigeuza chungu, majivu yakamwagika, akakiachia na chungu chenyewe. Kisha akageuka kutoka, ametulia kabisa.

Utulivu ule ndio ulionishtua. Mtu aliyepigia maharaji watatu hawezi kumaliza kirahisi hivyo. Nikamtazama vizuri, nikaona mfuko wa shati umetuna.

“Mzee, hiyo nini?”

Akaufunika kwa kiganja.

“Mzee Kanti.”

Akatoa kiboksi kidogo cha plagi, kimefungwa kwa mpira. “Spea,” akasema. “Kidogo tu, Mama Kulwa. Hata tairi lina spea.”

Nitasema ukweli, nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu. Ningeweza kumwachia. Nani angejua? Lakini nilikuwa nimeahidi mara mbili, mara moja kitandani na mara moja mbele ya kunguru.

“Mzee, umemsafirisha nusu mtu. Nusu yuko njiani, nusu yuko mfukoni. Huyo mpangaji atahamaje hivyo?”

Alisimama na kiboksi chake mpaka suruali ikaanza kukauka. “Dukani nitaongea na nani?” akaniuliza. Nikamwambia ukuta wetu ni mwembamba, agombe tu, nitamjibu. Akanitazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa bei mbaya lakini hana pengine pa kununua. Akarudi majini peke yake, akafungua kiboksi.

Alipotoka alinikumbusha sharti la mwisho. Ukishamwachia marehemu unaondoka bila kugeuka nyuma, usije ukamvuta. Akaupa mto mgongo, akapiga hatua chache, akasimama.

“Wewe hujakatazwa kugeuka, Mama Kulwa.”

“Nimekatazwa. Mke wa Lutu aligeuka chumvi.”

“Yule alikuwa anakimbia moto. Hapa ni maji.” Sauti yake ilikuwa imebadilika. “Niangalizie. Anaenda?”

Nikageuka. Majivu hayakuonekana tena, yalikuwa yamekwisha kuchanganyika na mto. Yaliyoonekana ni maua, rundo zima la maua ya njano, nayo yalikuwa hayaendi popote. Yalikuwa yamekwama kwenye matete hatua chache tu kutoka tulipokuwa, yanazunguka pale pale.

“Anaenda,” nikasema.

“Upande gani?”

“Wa ziwani.”

“Ziwani,” akarudia taratibu. “Basi anarudi upande wetu.” Akavuta pumzi, akaanza kupanda ukingo, na Deo akashuka kumpokea.

Mimi nilibaki nimesimama na uongo wangu, nikimsihi Mama Nilesh kimoyomoyo asiniumbue. Mama mfuaji alichukua mti wake wa kuanikia nguo, akaunyoosha, akayasukuma maua kutoka kwenye matete kwa upole. Yakazunguka mara moja, yakaingia kwenye mkondo, yakaenda, upesi kuliko nilivyotaka, mpaka kona ikayaficha. Nikapanda mbio kwenda kumwambia Mzee Kanti. Nikamkuta ameegemea gari analia waziwazi, Deo amemshika bega, na nilipofungua mdomo nikakumbuka kwamba nilikuwa nimeshamwambia.